Mwaka wa Merikebu ya Mwezini

Niliposikia kwamba Mwantumu amefariki, mdomo wangu ulisema pole na moyo wangu ukasema: sasa wimbo wangu ataurudisha nani? Naandika hivyo hivyo kama moyo ulivyosema. Mtu akifika umri wangu, ameshazika mume na ndugu na karibu meno yake yote, hana sababu ya kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwonea Mwantumu wivu kwa miaka hamsini na kitu. Nilimwonea akiwa msichana, nikamwonea akiwa mama wa watoto saba, na siku nilipotoka Mombo kwenda Sindeni kwenye arobaini yake, nilipobadili gari pale Korogwe na kukuta nusu ya abiria wanakwenda huko huko kwake, nilimwonea wivu hata kwa wale abiria. Nikajiuliza, mimi nikifa, gari litajaa?

Habari za kwetu na za wazazi wangu nitaziacha, hazina tofauti na za wengine waliofuata mkonge. Nianzie kwenye nyumba ya brashi, maana huko ndiko mwaka ule ulikoanzia. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, picha ya yule malkia kijana ikiwa bado inang'aa kwenye ukuta wa ofisi, nami nilikuwa na miaka kumi na minane katika shamba moja la mkonge ng'ambo ya Mto Pangani, Korogwe. Wanaume walikata majani, mashine ya korona ikayakamua, singa, zile nyuzi zake, zikaanikwa juani kwenye nyaya mpaka zikawa nyeupe, halafu zikaletwa kwetu wanawake. Kazi yetu ilikuwa kushika fungu la singa na kulilisha kwenye gurudumu lenye meno, upande mmoja kisha wa pili, mpaka zinyooke. Vumbi lake, jamani! Liliingia puani, liliingia kwenye kope, jioni tukitoka mle wasichana wote tumekuwa vikongwe. Kwa hiyo kila mtu alijifunga kipande cha kanga puani na mdomoni, akakaza kisogoni. Na kwa kuwa siku ni ndefu na mtu hawezi kunyamaza kutwa nzima, tuliimba hivyo hivyo, mdomo umefumbwa chini ya kanga, sauti ikitokea puani na kifuani. Kuimba huko tulikuita kuvumisha. Kuna ufundi wake. Mashine ina sauti yake, ukiimba juu ya sauti hiyo hiyo inakumeza, basi unapanda kidogo au unashuka kidogo, unakaa pembeni yake. Mtu aliyekuwa nje akipita hakuweza kujua ni watu wanaimba au ni chuma kinaomboleza.

Mimi sikuwa hodari wa kuvumisha, na sikujali. Mimi nilikuwa mwimbaji. Nililelewa kwenye kwaya ya misheni, ambako mwalimu alitufundisha kufungua kinywa mpaka vidole vitatu viingie, na Jumapili nikiimba peke yangu wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Kampi nzima ilinijua: Skola mwenye sauti. Mwantumu alikuwa jirani yangu kwenye mashine, na chumba tulilala kimoja, nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Mzigua wa Sindeni, mfupi, mweusi wa kung'aa, mtaratibu mpaka anaudhi. Ukimuuliza kitu, anamaliza kutafuna kwanza. Tulipika pamoja, zamu kwa zamu: yeye bada la muhogo na mboga ya mchunga, mimi makande, na siku ya posho tulinunua perege wa mtoni tukamkaanga mpaka mifupa ikaliwa. Nilimpenda. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani wivu huanzia kwenye chuki.

Basi siku moja likaja gari la redio. Lilikuwa linazunguka kurekodi ngoma za watu wa bara, likitoka Tanga likielekea Handeni. Ngoma zilipokwisha kurekodiwa uwanjani, msimamizi akamtembeza yule bwana wa redio aone kazi zinavyofanyika. Jina lake Bwana Seif, mtu mwembamba wa Dar es Salaam, viatu vyeupe. Alipofika mlangoni kwetu akasimama kama aliyepigwa kofi. Akaomba mashine zizimwe. Akauliza, "Hiyo sauti ilikuwa ya nani?"

Hadija, aliyekuwa mashine ya tatu na ambaye hakuwahi kuacha swali lipite bila kulijibu, akaninyooshea kidole. "Mwenye sauti humu ni mmoja tu, bwana. Skola huyo."

Bwana Seif akatueleza. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa redio, unaitwa Merikebu ya Mwezini. Watu watano wanajenga chombo cha chuma, wanaruka nacho mpaka mwezini, na huko wanakuta viumbe wasio na midomo. "Sasa, dada zangu," akasema, "mtu asiye na mdomo anasemaje? Tumepuliza chupa, tumepiga kitana na karatasi. Ukisikiliza unasikia chupa, unasikia kitana. Hebu niimbieni."

Nikafanya kosa ambalo hufanywa na mtu wa brashi peke yake. Nilivua kanga. Kwa miezi ile yote nilikuwa nimeiona kama kifungo, na sasa mgeni wa Dar es Salaam anataka kunisikia, ningeimbaje nimefungwa kama fungu la singa? Nikajipangusa midomo, nikasimama wima, nikafungua kinywa vidole vitatu, nikamwimbia. Niliimba vizuri. Mpaka leo najua niliimba vizuri, wenzangu walipiga vigelegele. Bwana Seif akasema, "Ahsante, dada. Sasa huyu mwenzio." Mwantumu akamtazama mnyapara aliyekuwa mlangoni, akaogopa kuvua kanga maana kengele ilikuwa haijalia, akavumisha hivyo hivyo, macho chini, mikono bado imeshika singa. Hakuimba wimbo wowote. Alivumisha sauti tu, ikapanda ikakaa, ikashuka ikakaa. Bwana Seif akafumba macho. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijitembeza.

Tangu hapo gari likawa linakuja Korogwe mara moja kwa mwezi. Walirekodi kwenye ghala la duka moja la Mhindi, katikati ya magunia ya mahindi, kwa sababu magunia hunywa mwangwi, na madirisha wakayaziba kwa mablanketi. Shangazi mtu akakataa katakata Mwantumu kwenda peke yake ghalani na wanaume. "Aende na Skola," akasema, "Skola ana akili." Kwa hiyo nikawa mwenye akili. Nilikaa juu ya gunia, nimepakata kikapu cha chakula chetu, nikimtazama mwenzangu amesimama mbele ya kile kikombe cha chuma cha kupokelea sauti, kanga mdomoni, akiwa kiumbe cha mwezini. Bwana Seif alimweleza kwa maneno tu: hapa wageni wanashuka, nyinyi mnawaogopa, hapa dereva wa merikebu ameumia, mnambembeleza alale. Mwantumu alimaliza kutafuna, akafikiri, akavumisha. Ile sauti ya salamu ni yake, ya kuanzia kila wiki. Ile bembelezi ya dereva ni yake, na niliona fundi wa mitambo, mtu mzima mwenye mvi, akigeuza uso ukutani. Hakuna aliyemwandikia hata moja. Alizitoa zote kichwani mwake, yeye asiyejua kusoma, na mimi niliyemaliza darasa la sita nikamshikia kikapu.

Nilitoka nje siku moja kunawa mikono, na kupitia blanketi la dirishani nikamsikia fundi akiuliza, "Kwa nini usimjaribu na yule mwingine? Ana sauti nzuri yule." Bwana Seif akajibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayechagua nazi, "Nzuri sana. Lakini ni ya hapa hapa duniani." Mikono yangu ilikuwa majini. Niliitazama. Nimeambiwa maneno mengi maishani, mengine na mume mwenye hasira, hakuna lililonikaa kama hilo. Mpaka leo nikiimba kanisani nalisikia.

Mchezo ulitoka kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na redio ilikuwa moja, ile ya klabu ya shamba, na kipaza sauti chake juu ya mti. Hakukuwa na mtu aliyebaki nyumbani. Waliokuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto walikaa kwenye majani. Wazee wa Kizigua wakasema hiyo ni kufuru, mwezi ni wa kufungia na kufungulia, si wa kutembelewa. Wakasema hivyo huku wamekaa mstari wa mbele. Ikija ile sauti ya viumbe, hata watoto wachanga walinyamaza. Halafu mwishoni mtangazaji husoma majina, na la mwisho, "Sauti ya watu wa mwezini: Mwantumu binti Salehe, wa Korogwe," hapo kampi inalipuka. Mwanamke mmoja alimletea mtoto mgonjwa amvumishie. Mzee mmoja akamuuliza kwa dhati kama huko kuna maji. Mwantumu akamaliza kutafuna, akasema, "Sijafika, babu. Mimi nafika ghalani tu." Watu wakacheka, wakampenda zaidi. Mimi nilikuwa nikicheka nao, na kifuani roho inaniuma kama jino. Chumbani nikaanza kuhesabu makosa yake. Anakoroma. Anatia chumvi nyingi. Anajifanya mnyenyekevu. Siku ya zamu yake nikiletewa chakula nasema nimeshiba, nilale na njaa, nisikie vizuri wivu wangu unavyonguruma.

"Skola, nimekukosea nini?" akaniuliza jioni moja.

"Wewe? Wewe huwezi kukosea, shoga. Wewe ni mtu wa mwezini."

Akanitazama, akaendelea kupepeta unga. Alikuwa anautafuta wimbo wa kwaheri wakati ule, wa siku merikebu inarudi duniani na viumbe wanabaki. Alikuwa na mwanzo wake tu. Kila jioni anauvumisha anapopepeta, ukifika mahali fulani unakatika, anatikisa kichwa, anarudia. Nami nimelala nimeelekea ukutani, nikiusikia mpaka nikaujua hadi pale unapokatika.

Wiki ya gari kuja kwa mara ya mwisho, ukaja ujumbe kutoka Sindeni: baba yake amefariki. Alilia akiwa anakunja nguo. Kwao mfiwa haimbi mpaka arobaini ipite. Hata mtwangio husikilizwa usije ukawa na mdundo. Akanishika mikono. "Skola, nenda ghalani kesho. Waambie nimefiwa, waningoje siku arobaini. Wasipoweza kuningoja, basi, riziki. Lakini waambie mimi nilitaka kuumaliza." Nikamwambia nitawaambia. Nikamsindikiza mpaka kwenye lori la Handeni, nikampa ndizi za njiani, na ninakuapieni kwamba lori lilipoondoka nilikuwa bado na nia ya kusema vile vile alivyonituma.

Nilipofika ghalani Bwana Seif akatazama nyuma yangu. "Yuko wapi?" Nikasema, "Amefiwa na baba yake." Akakaa kwenye gunia, akashika kichwa. Pale ndipo nilipopaswa kusema mengine. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Amenituma niimbe mimi." Loo! Asiyekuwepo na lake halipo. Bwana Seif alinitazama kwa muda mrefu, na nilijua anachofikiri, ile hapa hapa duniani yake. Lakini gari lilikuwa linaondoka siku ile ile. Akasema, "Haya. Funga kanga."

Mara ya kwanza ikatoka kwaya. Mara ya pili pia. Fundi akarudisha utepe bila kunitazama. Mara ya tatu nikaanza na mwanzo wa Mwantumu kama nilivyousikia kitandani, na ulipofika pale panapokatika, nikamwona mwenzangu juu ya lori, kanga yake ya msiba, ndizi zangu mapajani, akiniamini. Aibu ikanipanda, na wivu haujashuka, vikakutana kooni. Nilitaka kulia na mdomo umefungwa. Kilichotoka sikijui. Kilishuka polepole, kikakaa pembeni ya kitu, kama tulivyokaa pembeni ya mashine. Nilipomaliza, kanga ilikuwa imelowa. Bwana Seif akasema neno moja tu: "Sawa." Hakuuliza jina langu. Nami sikumpa.

Ule mchezo wa mwisho ulitoka baada ya arobaini, Mwantumu amesharudi. Nilikuwa nimemwambia kwamba gari halikuja. Tukakaa klabu kwenye majani, yeye mkono wangu wa kushoto. Merikebu ikawaka, viumbe wakaanza kuaga, ikaja sauti, mwanzo wake, na pale panapokatika, haikukatika. Nilihisi mwili wake unakakamaa. Hakugeuka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatwa, na watu kampi nzima walikuwa wanalia, wazee wa kufuru wanalia, mnyapara analia. Kisha mtangazaji akasema, "Sauti ya watu wa mwezini: Mwantumu binti Salehe, wa Korogwe." Hadija akawa wa kwanza kumrukia. "Mwantumu we! Huu umezidi zote! Huu hata ukifa utabaki!"

Mwantumu akafungua kinywa. "Huu si—"

Nikamfinya paja. Nilimfinya kwa kucha, chini ya kanga, nikamwambia sikioni, "Nyamaza. Ukisema, watajua nilikuibia." Maana ndivyo ningeitwa: mwizi wa mfiwa. Nilitamani kampi nzima isikie kuwa ni mimi, na niliogopa kampi nzima isije ikasikia kuwa ni mimi, na uoga ukashinda. Akafunga kinywa. Akawapokea wanawake mmoja mmoja, akawapa mikono, akasema ahsante kwa niaba yangu. Tulipofika chumbani akakaa kitandani, akasugua paja, akaniambia, "Umeumaliza vizuri kuliko ambavyo ningeumaliza mimi." Ningeweza kuvumilia matusi, hata kofi. Hilo sikuliweza. Mwezi haukwisha nikahama, nikaolewa Mombo, nikauza chai na maandazi kwa abiria wa Lushoto, na hatukuonana tena ila mara mbili tatu, barabarani, shikamoo za wakwe na habari za watoto.

Lakini wimbo nilionana nao. Mchezo ule ulisahauliwa, redio zikawa nyingi, Uhuru ukaja, na wale wa mbali wakafika mwezini kweli, na waliporudi hawakutuambia kama huko kunaimbwa. Wimbo wa kwaheri ulibaki. Wanawake wa huku waliutia maneno, wakaufanya wa kumuaga bibi harusi. Nimeusikia Korogwe, nimeusikia Handeni, nimeusikia kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe, na mwimbaji akasema, "Sasa ule wa Mwantumu!" Nikapiga makofi na wengine. Hivyo ndivyo nilivyozeeka, nikimpigia makofi mwenzangu kwa sauti yangu, na kila nikipiga namchukia kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyenifinya.

Arobaini ilikuwa ya watu wengi, kama nilivyohofia. Baada ya hitima na pilau tulibaki wanawake uani kwenye mikeka. Hadija alikuwepo, kipofu sasa, amekaa karibu na mlango, bado hakuna swali analoliacha lipite. Mjukuu wa Mwantumu, binti mkubwa anayefundisha shule, akaja kukaa karibu nami akaniamkia. "Shikamoo, bibi. Wewe ndiye Bibi Skola wa Mombo?"

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Bibi alisema utakuja. Alisema utachelewa." Akacheka kidogo, akashusha sauti. "Bibi, naomba nikuulize kitu. Yeye alikuwa akituimbia nyimbo zote za ile merikebu, ya salamu, ya kubembeleza, zote. Ila ule wa kwaheri. Hata siku moja. Tukimwomba anasema, 'Huo una mwenyewe.' Tukimuuliza ni nani, anasema, 'Akitaka atakuja kuuchukua.' Wewe ulifanya naye kazi. Unamjua?"

Miaka yote ile nilidhani anautumia. Kumbe alikuwa ameuweka, kama mtu anavyokuwekea sahani yako na kuifunika. Na mwanzo ulikuwa wake! Angeweza kusema tuligawana. Hata hapo alinishinda, nikasikia wivu ule ule wa zamani unasimama kifuani, umezeeka kama mimi, unachechemea. Nikachukua ncha ya kanga yangu, nikaipitisha puani na mdomoni, nikaikaza kisogoni kwa vidole visivyokunjika vizuri. Safari hii sikuvua. Nikavumisha. Mwanzo wake, polepole, mpaka pale panapokatika, nikapita, nikashuka nao mpaka chini. Mjukuu alikuwa ananitazama, machozi yamemjaa, na nikaona ameelewa.

Hadija akainua uso pale mlangoni, macho yake meupe yakitafuta. "Jamani," akasema, "si Mwantumu huyo?"

Mjukuu akafungua kinywa amsahihishe. "Hapana, bibi, huyo ni—"

Nikamfinya paja.

"Ndiye," nikamwambia Hadija. "Ndiye yeye. Sikiliza."